Dini Nyingi, Lugha Moja: Watu, Shule na Imani katika Trinidad na Tobago



1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, Mhindi si lazima awe Mhindu. Neno la kwanza hutaja asili ya mtu, la pili hutaja dini yake, na irabu moja tu ndiyo inayoyatenga. Mhindi aweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Mhindu, na bado akabaki Mhindi. Wazungumzaji wa Kiswahili wamezoea tofauti hiyo kiasi cha kutoitafakari. Hata hivyo, ipo nchi moja ndogo ya visiwa katika bahari ya Karibi ambako uhusiano baina ya asili ya mtu, dini yake na lugha yake umekuwa suala la sheria, la shule na la siasa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Nchi hiyo ni Trinidad na Tobago.

Mhadhara huu unachunguza mambo matatu ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, yaani watu, elimu na dini, na kuyatazama kwa jicho la isimujamii. Hoja yake kuu ni hii: katika Trinidad na Tobago kila dini kubwa hatimaye ilipata haki ya kuwa na shule zake, lakini shule zote zilifundisha kwa lugha moja. Matokeo yake ni kwamba dini zilistawi ilhali lugha zilizoletwa pamoja nazo zilififia. Dini iliyahifadhi maneno. Mazungumzo haikuweza kuyahifadhi. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, lugha ambayo hubebwa na dini zaidi ya moja na ambayo bado inapigania nafasi yake shuleni, kisa hicho kina mafunzo ya kuzingatiwa.

2.0 Watu na asili zao

Nchi hiyo ina visiwa viwili vikubwa. Trinidad, chenye mji mkuu wa Port of Spain, kipo takriban kilometa 11 tu kutoka pwani ya Venezuela. Tobago ni kidogo zaidi na kipo kaskazini-mashariki. Eneo lote la nchi ni kilometa za mraba 5,128, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 1,328,019. Kati yao, asilimia 35.4 walijitaja kuwa wenye asili ya India na asilimia 34.2 wenye asili ya Afrika. Waliosema ni wa asili mchanganyiko walikuwa karibu asilimia 23. Waliobaki ni wazawa wa asili, Wachina, Wazungu, Wasiria na Walebanoni, pamoja na wale ambao hawakutaja asili yao. Hakuna kundi lenye wingi wa kutosha kusema kwamba nchi ni yake peke yake.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Columbus alifika mwaka 1498 na kukiita kisiwa Trinidad, yaani Utatu. Wahispania walikitawala kwa karibu karne tatu bila kukijaza watu wa kwao. Mwaka 1783 mfalme wa Hispania alitoa amri iliyowakaribisha wageni Wakatoliki na kuwapa ardhi, na kadiri mtu alivyoleta watumwa wengi ndivyo alivyopewa ardhi kubwa zaidi. Walioitikia walikuwa hasa walowezi wa Kifaransa na machotara huru kutoka visiwa vya jirani, wakija na Waafrika waliowamiliki. Hivyo, Waingereza walipokiteka kisiwa mwaka 1797, walikuta koloni lenye sheria za Kihispania na wenye mashamba wa Kifaransa, ambalo umma wake ulisema Krioli ya Kifaransa, inayojulikana kama Patwa. Tobago ilipita mikononi mwa mataifa kadhaa ya Ulaya kabla ya kuwa ya Uingereza moja kwa moja mwaka 1814, na iliunganishwa na Trinidad mwaka 1889. Hadi leo wakazi wake wengi mno ni wa asili ya Afrika na dini zao kubwa ni za Kiprotestanti. Krioli yao nayo, yenye msamiati wa Kiingereza, imekaa mbali zaidi na Kiingereza sanifu kuliko ile ya Trinidad.

Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1834, na kipindi cha mpito kilichowafunga watumwa wa zamani kwa mabwana wao kilimalizika mwaka 1838. Waafrika wengi waliokuwa huru waliyahama mashamba ya miwa au kudai ujira wa haki. Wenye mashamba walitafuta mikono mingine. Tarehe 30 Mei 1845 meli iitwayo Fatel Razack ilitia nanga ikiwa na zaidi ya Wahindi 200. Kutoka mwaka huo hadi mwaka 1917, Wahindi wapatao 144,000 walipelekwa Trinidad kwa mikataba ya miaka mitano. Katika Tanganyika ya mashamba ya mkonge watu wa namna hiyo wangeitwa manamba. Wengi wao walitoka bonde la mto Ganga, katika sehemu ambazo leo ni majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar, wakipandia meli Calcutta. Utaratibu wa mkataba kama huo ndio uliowaleta Mombasa Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Tofauti ni kwamba wengi wa waliojenga reli walirudi kwao, ilhali wengi wa waliokwenda Trinidad walibaki.

Majina ya makundi haya nayo yana historia. Mwenye asili ya India huitwa huko Mhindi wa Mashariki, kwa sababu Columbus aliyapa maeneo hayo jina la India kwa kupotea njia, na Wahindi wa kweli walipofika walikuta jina lao limekwisha chukuliwa. Mtoto wa Mwafrika na Mhindi huitwa dougla. Neno hilo lina asili ya Kihindi, na kwao lilikuwa tusi kwa mtu asiye na nasaba. Leo wapo wanaolitumia kwa fahari na wapo wanaolikwepa. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu hao katika safu yao wenyewe, lakini ikachagua kuwaeleza kwa asili za wazazi wao badala ya kutumia jina hilo.

3.0 Dini na sheria

Takwimu za dini zina tawi zaidi kuliko takwimu za asili. Mwaka 2011 Wakatoliki walikuwa asilimia 21.6, Wahindu asilimia 18.2, Wapentekoste na makanisa yanayofanana nao asilimia 12.0, Waanglikana na Wabaptisti wa Kiroho kila mmoja asilimia 5.7, Waislamu asilimia 5.0, Waadventista Wasabato asilimia 4.1 na Wapresbiteri asilimia 2.5. Waumini wa Orisha, dini yenye mizizi kwa Wayoruba, walikuwa karibu asilimia 1. Zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi hakutaja dini yake.

Uislamu wa huko haukuanza na Wahindi. Miongoni mwa watumwa walikuwamo Wamandinka waliojua kusoma na kuandika Kiarabu. Katika miaka ya 1830 jumuiya yao ya Port of Spain, ikiongozwa na Jonas Mohammed Bath, iliwaandikia watawala wa Uingereza ikiomba kurudishwa Afrika. Ombi halikukubaliwa, na jumuiya hiyo ilimezwa na umma wa Kikristo uliowazunguka. Uislamu uliodumu ni ule uliokuja baadaye kutoka India.

Dini zisizo za Kikristo hazikuwa na hadhi sawa mbele ya sheria. Ndoa zilizofungwa kwa taratibu za Kiislamu hazikutambuliwa hadi katikati ya miaka ya 1930, na za Kihindu hadi katikati ya miaka ya 1940. Kabla ya hapo, wanandoa ambao hawakuandikishwa serikalini walihesabiwa kuwa hawajaoana, na watoto wao kuwa si halali, jambo lililoathiri mirathi ya familia nyingi. Ukristo wenyewe nao uligawanywa katika ule unaokubalika na ule usiokubalika. Mwaka 1917 ilipitishwa sheria iliyopiga marufuku ibada za waumini waliopachikwa jina la wapiga kelele. Watu hao walikuwa Wakristo walioabudu kwa kengele, vigelegele na midundo iliyodhihirisha urithi wa Afrika. Baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Elton George Griffith, sheria hiyo ilifutwa tarehe 30 Machi 1951. Tangu mwaka 1996 tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na waliokuwa wakiitwa wapiga kelele leo huitwa Wabaptisti wa Kiroho. Badiliko la sheria liliandamana na badiliko la jina.

Suala la jina lilizuka tena katika medali za taifa. Kuanzia mwaka 1969 nishani ya juu kabisa ya nchi iliitwa Msalaba wa Utatu. Vyama vya Wahindu na Waislamu vilikwenda mahakamani vikidai kwamba raia asiye Mkristo alilazimika kuchagua kati ya imani yake na heshima ya taifa lake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba jina na umbo la nishani hiyo vilikuwa na ubaguzi kwa Wahindu na Waislamu, na mwaka 2008 serikali iliibadilisha. Jambo la kumvutia mwanaisimu ni kwamba hakuna aliyekwenda mahakamani kupinga jina la nchi yenyewe, ambalo maana yake ni Utatu ule ule. Jina la mahali likizoeleka hupoteza maana yake ya asili na kubaki kuwa kielekezi. Jina la nishani haliwezi kusahaulika hivyo, kwa kuwa kila mwaka hutamkwa upya kifuani mwa mtu.

4.0 Shule

Shule ndiyo iliyokuwa uwanja mkuu wa mambo hayo yote. Baada ya kukiteka kisiwa, Waingereza walijikuta wanatawala watu ambao wengi wao hawakusema Kiingereza na walikuwa Wakatoliki. Charles Warner, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa koloni kuanzia mwaka 1844 hadi 1870, alisimamia kwa dhati siasa ya kukifanya kisiwa kiwe cha Kiingereza kwa sheria, kwa desturi na kwa lugha. Gavana Lord Harris naye alianzisha shule za serikali za mitaa mwaka 1851. Shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza na hazikuruhusu mafundisho ya dini. Zilikusudiwa kuwaunganisha watoto wa madhehebu yote.

Mwaka 1869 Patrick Keenan, mkaguzi kutoka Ireland, alitumwa kuchunguza hali ya elimu. Alikuta watoto wa Kipatwa na wa Kihispania wakisomeshwa kwa lugha wasiyoielewa, na aliikosoa hali hiyo waziwazi. Ripoti yake ilikuwa na mambo makuu mawili: kwamba dini ipewe nafasi shuleni, na kwamba lugha ya mtoto isipuuzwe. Sheria ya mwaka 1870, wakati wa Gavana Arthur Gordon, ilianza kutoa ruzuku kwa shule za madhehebu. Jambo la kwanza, basi, lilipata sheria. La pili lilibaki karatasini. Hapa ndipo njia za dini na za lugha zilipoachana.

Mwaka huo huo wa 1869 mwalimu mmoja Mwafrika, John Jacob Thomas, alichapisha Port of Spain kitabu cha sarufi ya Patwa, *The Theory and Practice of Creole Grammar*. Thomas alikuwa na sababu za vitendo. Aliona mahakamani watu wakipotezewa haki na wakalimani wasioijua lugha ya mshtakiwa, na aliona kanisani na shuleni maneno yakipita juu ya vichwa vya wasikilizaji. Kitabu chake ni miongoni mwa sarufi za mwanzo kabisa za lugha ya Krioli kuandikwa na mtu aliyeishi miongoni mwa wasemaji wake. Wakoloni walimsifu Thomas na kumpa kazi. Shule ya kufundishia kwa Patwa hawakumpa.

Kwa watoto wa Kihindi, mlango wa shule ulifunguliwa na misheni. John Morton, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Nova Scotia katika Kanada, alianza kazi mwaka 1868. Alijifunza Kihindi, akahubiri na kutunga nyenzo za ibada kwa lugha hiyo, na katika shule za misheni Kihindi kilitumiwa sambamba na Kiingereza. Wazazi waliokuwa wamekataa kuwachanganya watoto wao na wengine walizikubali shule hizo. Baadaye zilifuata shule za sekondari, ikiwemo Naparima College iliyoanzishwa mwaka 1894 na ile ya wasichana ya mwaka 1912. Kadiri mtoto alivyopanda darasa ndivyo Kiingereza kilivyochukua nafasi, kwa kuwa mitihani, ualimu, ukarani na uwakili vyote vilikuwa vya Kiingereza. Inafaa kuzingatiwa kwamba Wapresbiteri leo ni asilimia 2.5 tu ya watu, ilhali kanisa lao linaendesha shule za msingi zaidi ya 70. Wahindi wengi waliipokea shule bila kuipokea dini yake.

Wahindu na Waislamu walipata shule zao zinazosaidiwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sanatan Dharma Maha Sabha, chama cha Wahindu kilichoundwa mwaka 1952 chini ya Bhadase Sagan Maraj, kilijenga shule kadhaa vijijini kwa muda mfupi, nyingi zikiwa za mbao na mabati na kwa nguvu za wanakijiji wenyewe. Vyama vya Kiislamu vilifanya vivyo hivyo. Mtoto wa Kihindu sasa aliweza kusoma bila kushawishiwa abadili dini. Lakini masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Kihindi na Kiarabu viliingia kama sehemu ya malezi ya dini.

Serikali ya Eric Williams ilipoelekea uhuru ilikuta sehemu kubwa ya elimu imo mikononi mwa madhehebu. Baada ya mvutano, mwezi Desemba 1960 yalifikiwa mapatano baina ya dola na madhehebu, ambayo hadi leo ni nguzo ya mfumo wa elimu. Serikali hulipa mishahara na sehemu kubwa ya gharama. Dhehebu hubaki na umiliki wa shule na sauti katika uteuzi wa walimu. Katika shule za sekondari za madhehebu zinazosaidiwa na serikali, asilimia 80 ya nafasi hujazwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na mkuu wa shule huruhusiwa kuchagua asilimia 20 kutoka miongoni mwa waliofaulu. Nchi ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1962 ikiwa na mapatano hayo mkononi. Yapo majadiliano makali juu ya asilimia 20 hizo. Wanaozitetea husema ndizo zinazoifanya shule ya dhehebu iwe ya dhehebu. Wanaozipinga husema fedha za walipakodi wote hazipaswi kufungua mlango kwa waumini wachache. Juu ya lugha, mapatano hayo hayakuwa na mgogoro.

5.0 Lugha zilizofifia na mahali zilipojificha

Kibhojpuri cha Trinidad kilikuwa lugha ya vijiji vizima mwanzoni mwa karne ya 20. Kilitokana na kukutana kwa lahaja mbalimbali za bonde la Ganga, kikasawazishwa na kuwa lugha ya kawaida ya Wahindi wa mashambani, Wahindu kwa Waislamu. Peggy Mohan alipokiandikia tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1978, wasemaji wake stadi walikuwa wazee. Watoto waliozaliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili walikisikia, walikielewa kwa sehemu, na walijibu kwa Kiingereza. Kosa si la watoto hao. Katika macho ya jumuiya yenyewe Kibhojpuri kilikuwa lugha ya shamba. Lugha ya heshima katika mahekalu ilikuwa Kihindi sanifu na Kisanskriti, na katika misikiti Kiurdu na Kiarabu. Kwa hiyo hata walipopata shule zao, Wahindi hawakuipeleka shuleni lugha waliyoisema nyumbani. Walipeleka lugha waliyosali kwayo.

Kiyoruba kilipita njia inayofanana. Kililetwa zaidi na Waafrika waliokombolewa baharini kutoka meli za watumwa na kupelekwa Trinidad kati ya miaka ya 1840 na 1860. Maureen Warner-Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1996, *Trinidad Yoruba: From Mother Tongue to Memory*, ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyohama kutoka mazungumzo ya kila siku hadi nyimbo na dua za Orisha. Patwa nayo imebaki kwa wazee wa sehemu chache, hasa Paramin, katika milima ya kaskazini. Kihispania cha zamani kimehifadhiwa katika parang, nyimbo za Krismasi ambazo waimbaji wake wengi hawakisemi.

Dhana ya safina yaweza kusaidia hapa. Dini ilikuwa safina iliyozibeba lugha hizo katika gharika ya Kiingereza. Lakini safina huokoa jozi chache za kila kitu. Yaliyookolewa ni yale yanayohitajika katika ibada: majina ya miungu na ya Mwenyezi Mungu, dua, nyimbo, majina ya vyakula vya sadaka, maneno ya arusi na ya mazishi. Hayakuokolewa matusi, mizaha, bei za sokoni, ugomvi wa jirani na bembelezi za watoto. Lugha inayokosa hayo yaweza kuheshimiwa kwa karne nyingi bila kuzaa sentensi mpya.

Pamoja na hayo, lugha hazikuondoka bila kuacha kitu. Krioli ya Kiingereza, inayosemwa leo na karibu kila mtu, ni ghala lao. Wahindi wengi humwita babu mzaa baba *aja* na babu mzaa mama *nana*, bibi zao *aji* na *nani*, na hivyo kutunza katika Krioli tofauti ya ukoo ambayo Kiingereza hakina. Watu wa asili zote hucheza *sou-sou*, ambayo Mswahili ataitambua mara moja kuwa ni upatu. Neno hilo linatokana na Kiyoruba. Alfajiri inayofungua sherehe za Karnivali huitwa *J'ouvert*, neno la Patwa. Maombolezo ya Muharamu huitwa *Hosay*, kutokana na jina la Husein, na maandamano yake huwa na wapiga ngoma Waafrika na Wahindi bega kwa bega. Lise Winer alihitaji kamusi nene, iliyotoka mwaka 2009, kukusanya utajiri huo.

6.0 Mtihani wa darasa la mwisho

Hapa ndipo mjadala wa lugha unapogusa maisha ya mtoto. Mwaka 1961 ulianza mtihani wa pamoja wa kuingia sekondari. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na mtihani mwingine, ujulikanao kwa kifupi kama SEA, baada ya serikali kuhakikisha kila mtoto anapata nafasi ya sekondari. Tangu hapo swali si kama mtoto atakwenda sekondari, bali ni sekondari ipi. Mtoto wa miaka 11 au 12 hupimwa hisabati na Kiingereza, na matokeo yake humpeleka ama katika shule kongwe ya dhehebu yenye sifa, ama katika shule ambayo jina lake litamfuata kama doa.

Mtoto huyo nyumbani husema Krioli. Kwa kuwa msamiati wa Krioli na wa Kiingereza unafanana sana, ni rahisi kudhani kwamba mtoto anasema Kiingereza kibovu. Isimu imeonyesha kwamba sivyo: Krioli ina mfumo wake wa nyakati na hali, wa wingi na wa ukanushi. Muhtasari wa masomo wa mwaka 1975 ulikubali jambo hilo na kuwataka walimu waichukue Krioli kama lugha yenye kanuni zake. Wazazi na walimu wengi walipinga wakiogopa kwamba watoto watanyimwa Kiingereza. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani walijua mtihani unapima nini. Mtoto aliyetoka katika nyumba yenye vitabu na mzazi asemaye Kiingereza sanifu huingia katika chumba cha mtihani na lugha mbili. Mwenzake huingia na moja, nayo si ile inayosahihishwa. Kwa njia hiyo, mfumo uliowekwa ili usiwabague watoto kwa rangi wala kwa dini huwapanga upya kwa lugha ya nyumbani, bila mtu yeyote kukusudia.

7.0 Kihispania kilichorudi

Mwaka 2005 serikali ilitangaza mpango wa kukifanya Kihispania lugha ya kwanza ya kigeni, kwa matumaini ya biashara na Amerika ya Kusini. Ilianzishwa ofisi ya kuusimamia, na watumishi wa umma walihimizwa kujifunza. Msemaji wa Kihispania katika mpango huo alifikiriwa kuwa mfanyabiashara mwenye mkoba.

Waliofika walikuwa wengine. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, maelfu walivuka mlango mwembamba wa bahari kwa mashua. Katika uandikishaji wa majuma mawili wa mwaka 2019, watu 16,523 walijiandikisha. Walikuja na watoto. Kwa miaka kadhaa watoto hao hawakuwa na nafasi katika shule za umma, na walisomeshwa na mashirika ya hisani na makanisa. Mwaka 2024 tu ndipo baadhi yao walipoanza kuruhusiwa kuingia madarasani. Nchi iliyokuwa ikiwalipa walimu wawafundishe raia wake Kihispania ilikuwa na watoto wanaokisema mlangoni mwa shule, na haikujua iwafanye nini.

Jambo hilo si la kuwacheka wenyeji wake. Linaonyesha kwamba sera ya lugha hutungwa kwa kutazama lugha, ilhali lugha huja na watu wake. Swali ambalo Keenan aliliacha mwaka 1869, la mtoto wa Kihispania anayesomeshwa kwa lugha asiyoielewa, limerudi katika kisiwa kile kile baada ya miaka 150.

8.0 Hitimisho

Trinidad na Tobago imefaulu katika jambo ambalo nchi nyingi kubwa zimeshindwa. Sikukuu zake za taifa ni pamoja na Divali, Idi el Fitri, Krismasi, siku ya Wabaptisti wa Kiroho, siku ya kukomeshwa kwa utumwa na siku ya kufika kwa Wahindi. Mabadiliko ya serikali, hata pale vyama vinapoegemea asili za wapigakura, hufanyika kwa kura. Mapatano ya mwaka 1960, pamoja na kasoro zake, yalizuia shule zisiwe uwanja wa vita vya dini. Hayo ni mafanikio halisi na hayafai kubezwa.

Lakini amani hiyo ilinunuliwa kwa kukubaliana kimyakimya kwamba lugha si mali ya kugombewa. Kila jumuiya iliombea dini yake nafasi. Hakuna iliyoiombea lugha ya nyumbani kwake. Waafrika ya Mashariki wana historia tofauti. Kiswahili kilikulia katika jamii ya Kiislamu, kisha wamisionari wa Kikristo wakakitumia kuhubiri na kutafsiri Biblia, na maneno dini, imani, sala na sadaka yakawa ya wote. Kiswahili hakikubebwa na safina ya dini moja, na ndiyo maana kimebaki lugha ya soko, ya mzaha na ya bunge. Hata hivyo, mtoto wa Tanzania anayetoka shule ya msingi ya serikali na kuingia sekondari, akakuta masomo yote isipokuwa machache yanafundishwa kwa Kiingereza, anafanana sana na mtoto wa Trinidad katika chumba cha mtihani.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kisa cha visiwa hivi kinahitaji methali hiyo isomwe kwa uangalifu zaidi. Wahindi wa Trinidad hawakuiacha asili yao. Waliijengea mahekalu, misikiti na shule. Waafrika wake walifungwa kwa ajili ya kengele na midundo ya ibada zao, na hawakuiacha. Lugha ilipotea mikononi mwa watu walioshikilia kila kitu kingine. Lugha haitunzwi kwa kuheshimiwa. Hutunzwa kwa kutumiwa mahali ambapo maisha ya mtoto huamuliwa, na katika dunia ya leo mahali hapo ni darasani. Wanaotaka Kiswahili kidumu hawana budi kuulizwa swali hilo hilo: kinaheshimiwa wapi, na kinaamua nini?